Katuni nilizokata gazetini zinageuka kahawia: nizilamineti, nizioshe, au niziskani na kutupa?

*“Nimekuwa nikikata katuni za gazetini tangu nikiwa na miaka 12, na sasa nina 41. Sijawahi kuzihesabu, ila zimejaza maboksi mawili ya viatu na albamu tatu. Za mwanzo nilizibandika kwa gundi ya shule na selotepu. Zilizobaki zimelala tu kwenye maboksi juu ya kabati la nguo. Wiki iliyopita nilishusha boksi moja nimwonyeshe binti yangu, nikakuta zimekuwa rangi ya chai, na moja ikakatikia mkononi mwangu. Rafiki yangu aliye kwenye kazi ya uchapaji ananiambia nizilamineti zote. Mahali fulani nimesoma kwamba zikiloweshwa kwenye maji yenye magnesia zinarudi nyeupe. Mume wangu anasema niziskani, halafu karatasi nitupe. Ile ya kwanza kabisa niliyoikata ina selotepu mbili zilizogeuka kahawia, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nifanye nini?”*

Tuanze na ile iliyokukatikia mkononi, maana nahisi ndiyo iliyokusukuma kuandika. Okota vipande vyake vyote, hata vile vidogo kama ukucha, uvilaze katikati ya karatasi mbili nyeupe safi, uviweke ndani ya bahasha na uandike juu ya bahasha ni katuni gani. Usibandike chochote. Kilichokatika kinaweza kuunganishwa hata miaka kumi baadaye, lakini kilichoungwa kwa haraka kwa selotepu humpa fundi wa karatasi kazi mbili, na ile ya kuunga ndiyo iliyo nyepesi.

Pili, usijilaumu. Watu wengi wanaoniletea karatasi za aina hii huja kama waliotelekeza mtoto, wakidhani kwamba wangezifunga vizuri zaidi zisingegeuka rangi. Zingegeuka tu, pengine polepole zaidi. Kwa karatasi ya gazeti, kikulacho ki nguoni mwako.

Hadi katikati ya karne ya 19, karatasi nyingi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Magazeti yalipoanza kuchapwa kwa wingi matambara hayakutosha, na katika miaka ya 1840 Mjerumani aitwaye Friedrich Gottlob Keller akabuni mashine ya kusaga mbao hadi ziwe rojo la kutengenezea karatasi. Ikawa rahisi mno, na hadi leo karatasi ya gazeti ni mtoto wa njia hiyo. Tatizo ni kwamba ukilisaga gogo, karibu kila kilichokuwamo ndani ya gogo kinaingia kwenye karatasi, pamoja na lignini, ile dutu inayoshikamanisha nyuzi za mti na kuufanya usimame wima. Lignini ikipata mwanga na hewa hubadilika na kutoa rangi ya manjano, kisha kahawia. Kama unataka kuiona kazi yake, chukua gazeti la leo, liweke dirishani penye jua, nusu yake uifunike kwa kitabu kinene. Baada ya siku chache inua kitabu. Utaona mstari kati ya nusu mbili umekatwa kama kwa rula.

Kugeuka rangi ni sura tu. Kinachoikata karatasi ni asidi. Nyuzi za karatasi zimejengwa kwa selulosi, na selulosi ni kama mkufu mrefu wa pete nyingi sana zilizoshikana. Asidi, ikisaidiwa na unyevu ulio hewani, hukata pete hapa na pale. Mkufu uliokatwa mara mbili tatu bado unajikunja bila shida. Uliokatwa mara mia unavunjika ukiugusa. Na karatasi inavyochakaa inazalisha asidi zaidi, kwa hiyo uharibifu unajiongezea mwendo wenyewe. Joto nalo linauchochea: kwa kadirio wanalolitumia wahifadhi wengi, yaani mafundi wa kutunza nyaraka, ukipunguza joto kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi, umri wa karatasi ya aina hii hukaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana juu ya kabati, karibu na dari ambako hewa ya moto hukusanyika, ni mahali pabaya. Boksi la viatu nalo si rafiki, kwani mara nyingi ni kadibodi ya hali ya chini yenye lignini na asidi zake, na hizo huhamia kwenye kilichomo ndani.

Kuhama huko si maneno tu. Bila shaka umewahi kufungua kitabu cha zamani ambacho mtu alihifadhi ndani yake kipande cha gazeti, ukakuta kwenye ukurasa kivuli cha kahawia chenye umbo lile lile la kipande, hata kama kipande chenyewe kilishapotea. Hiyo ni asidi iliyohama. Nilikuwa na kamusi yenye vivuli kama hivyo zaidi ya ishirini, kwa sababu ujanani niliitumia kamusi hiyo kulazia katuni zangu zinyooke. Nami nilikuwa mkataji kama wewe, gazeti naanzia nyuma, kwenye katuni.

Sasa habari njema, ambayo huwa naifurahia kila ninapoitoa. Wino mweusi wa gazeti kwa asili ni masizi yaliyochanganywa na mafuta, na masizi hayapauki. Mstari aliouchora mchoraji uko pale pale, mweusi kama siku ulipotoka mtamboni. Ukiona katuni imefifia, jua kwamba mchoro haujafifia, ila karatasi nyuma yake imekuwa nyeusi zaidi. Rangi za katuni za Jumapili ndizo zinazopauka kweli, hasa zikikaa penye mwanga.

Basi tuwageukie washauri wako.

Rafiki yako wa uchapaji anakutakia mema, lakini usimsikilize kabisa. Laminesheni ni plastiki yenye gundi inayoyeyuka kwa joto na kuingia ndani ya nyuzi za karatasi. Unaichoma karatasi ambayo adui yake ni joto, kisha unaifungia pamoja na asidi yake yote. Itaendelea kugeuka kahawia humo ndani, na safari hii hakuna mtu atakayeweza kuifikia bila dawa kali na bahati kubwa. Wataalamu nao waliwahi kuteleza hapo hapo. Kuanzia miaka ya 1930 William Barrow, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa karatasi wa zama zake, alizilamineti nyaraka za kihistoria kwa utando wa selulosi asetati, na wengi wakamfuata. Barrow huyo huyo ndiye aliyekuja kusisitiza kwamba asidi ishughulikiwe kwanza. Leo wapo wahifadhi ambao kazi yao ya wiki nzima ni kuzitoa nyaraka hizo kwenye plastiki, ukurasa mmoja mmoja, ndani ya beseni la asetoni. Kipimo changu kwa kila dawa ya karatasi ni swali moja: nikijuta kesho, naweza kuitoa? Laminesheni inafeli hapo.

Ile ya magnesia, ile dawa nyeupe ya tumbo, ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana haifi. Magnesia ikichanganywa na maji ya gesi hutengeneza magnesiamu baikaboneti, nayo karatasi ikikauka hubaki ndani ya nyuzi kama chumvi inayoizima asidi. Kemia yake ni halali. Yasiyo halali ni matarajio. Haifanyi karatasi iwe nyeupe, wala hairudishi nguvu iliyokwisha kupotea. Inapunguza tu mwendo wa uharibifu kuanzia siku hiyo. Tena karatasi yenye lignini nyingi ikikutana na maji ya alikali kama hayo, yaani yaliyo kinyume cha asidi, mara nyingine huzidi kuwa ya manjano. Rangi za Jumapili zinaweza kuchuja, gundi ya shule ikalainika na kusambaa, na gazeti la miaka 29 likilowa linakuwa kama mkate uliochovywa chaini: ukiliinua kwa pembe moja, pembe inakuja peke yake. Mikononi mwa mtu aliyefundishwa, mwenye nyavu za kubebea na karatasi za kufyonzea maji, sawa. Jikoni kwako, na katuni hizi unazozipenda, hapana.

Mume wako yuko sahihi nusu, na nusu hiyo uifanye haraka. Skani zote. Kila siku zinayokaa bila nakala ni siku unayocheza nazo kamari. Tumia skana ya mezani yenye kioo, si ile inayovuta karatasi kwa roli. Weka nukta 600 kwa inchi, na uskani kwa rangi hata zile za nyeusi na nyeupe, kwa sababu utaweza kuondoa rangi ya chai baadaye kwenye kompyuta lakini hutaweza kuirudisha taarifa ambayo skana haikuichukua. Kabla hujafunga kifuniko, laza karatasi nyeusi nyuma ya kipande. Hili ni jambo dogo ambalo watu hawaambiwi: kifuniko cha skana kwa kawaida ni cheupe, na weupe huo hurudisha mwanga na kuyafanya maandishi ya upande wa pili yajitokeze katikati ya mchoro wako. Karatasi nyeusi huyameza. Hifadhi faili la asili bila kulirekebisha, urekebishe nakala, na uweke nakala sehemu mbili tofauti. (Kuskani kwa ajili yako na binti yako ni jambo moja, kuzitangaza hadharani ni jingine. Mchoraji ana hakimiliki yake.)

Nusu ya pili, ya kutupa, sikubaliani nayo, na sababu yangu ni kisa kimoja cha kweli. Katika karne ya 20 maktaba nyingi za Marekani zilipiga picha za magazeti yao kwenye filamu ndogo, kisha zikayaondoa magazeti yenyewe kwa kuwa yalikuwa yakila nafasi na kuvunjikavunjika. Filamu hizo zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Kurasa za katuni za Jumapili, zilizochapwa kwa rangi ambazo wachoraji walizipangilia kwa makini, zikabaki vivuli vya kijivu. Mwaka 1968 mpenzi mmoja wa katuni huko San Francisco, Bill Blackbeard, alianzisha taasisi isiyo ya faida ili maktaba zikubali kumpa magazeti zilizokuwa zinayatoa. Akayajaza nyumbani kwake, akakaa miongo akikata na kupanga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkusanyo wake ulipohamishiwa Chuo Kikuu cha Ohio State, ulihitaji malori sita makubwa. Ulikuwa na uzito wa tani 75 hivi na vipande takriban milioni mbili na nusu. Katuni nyingi za zamani zinazochapwa upya leo kwenye vitabu zinapatikana kwa sababu mtu mmoja alikataa hoja ile ile ya mume wako. Waliokuwa wakipiga zile filamu nao waliamini nakala yao inatosha.

Sikwambii utafute malori. Vilivyomo kwenye maboksi yako mawili vinaweza kukaa kwenye nafasi isiyozidi droo moja.

Tafuta boksi na karatasi zisizo na asidi, zile zenye akiba ya kalsiamu kaboneti. Wauzaji wa vifaa vya kuhifadhia nyaraka na picha huwa nazo. Laza vipande bapa, bila kukunja, na kati ya kipande na kipande uweke karatasi hiyo. Kalsiamu itakuwa inainywa asidi kidogo kidogo inapotoka. Kwa zile unazopenda kuzishika na kuzionyesha, tumia mifuko ya plastiki angavu ya poliesta au polipropilini, na nyuma ya katuni uweke kipande cha karatasi ile ile. Kaa mbali na plastiki laini yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni. Hiyo ni PVC, na mvuke wake unaharibu karatasi na wino. Boksi likae chini ya kitanda au katikati ya kabati, ndani ya chumba mnachokaa wenyewe. Si karibu na dari, si kwenye stoo, wala si kwenye ukuta wa bafu. Unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 30 na 50 ni vizuri. Ukizidi 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota. Ukitaka kutundika katuni ukutani, tundika nakala. Kioo kinachozuia miale ya jua hupunguza kasi tu. Na hizo glavu nyeupe za kwenye filamu ziache: mkono uliooshwa ukakaushwa unahisi karatasi vizuri zaidi, na glavu hukwama kwenye kingo zilizochanika.

Albamu tatu ziache kama zilivyo. Usijaribu kubandua kilichoshikwa na gundi ya shule. Skani ukurasa mzima, weka karatasi isiyo na asidi kati ya kurasa, na albamu ilale bapa isisimame. Mpangilio ulioupanga ukiwa na miaka 12, pamoja na chochote ulichoandika pembeni, nao ni sehemu ya kilichohifadhiwa.

Kuna jambo hukuuliza ambalo kwangu lina uzito kuliko hata boksi: tarehe. Wakataji wengi wa utotoni hukata karibu sana na mstari na kuiacha tarehe kwenye ukurasa uliotupwa. Chukua lenzi ya kukuzia, uangalie ile nafasi nyembamba kati ya picha moja na nyingine, au kona ya chini ya picha ya mwisho. Katuni nyingi zinazosambazwa kwa magazeti mengi huwa na tarehe ndogo imeandikwa hapo, namba mbili tu za mwezi na siku, kando ya mstari wa hakimiliki wenye mwaka. Isipokuwapo, geuza. Mgongoni mwa kipande kuna nusu ya matokeo ya mechi, ratiba ya televisheni, utabiri wa mvua. Hivyo vinatosha kukufikisha kwenye wiki yenyewe. Ndiyo maana nakusihi uskani pande zote mbili. Andika tarehe kwa penseli laini kwenye mfuko au kwenye karatasi ya kutenganishia, usiandike kwenye katuni. Hadithi inayoendelea ya Jumatatu hadi Jumamosi ikishapangwa kwa tarehe inakuwa kitu kingine kabisa. Utaona jinsi picha ya kwanza ya kila siku inavyomkumbusha kwa ujanja yule aliyekosa gazeti la jana. Hiyo kazi ya kupanga mpe binti yako. Macho yake yanaona vile vinamba kuliko yako na yangu.

Yapo mambo ya kutofanyia nyumbani, na hapa namaanisha umtafute mtu wa kuiona karatasi kwa macho yake. Ukikuta madoa ya unga unga wa kijani, kijivu au mweusi, usipanguse wala kupuliza; kuvu si hatari kwa karatasi pekee, ni hatari kwa mapafu pia. Weka kilichoathirika kwenye bahasha ya karatasi mbali na vingine, kisha uombe msaada. Boksi likilowa maji na ukaona huwezi kukausha ndani ya saa 48, lifunge kwenye plastiki uliweke kwenye friza, upate muda wa kufikiri. Kurasa zilizogandamana, au mchoro wa mkono wa mchoraji mwenyewe uliojichanganya humo, nazo si za kuchezewa. Idara ya uhifadhi ya hifadhi ya nyaraka ya taifa, au ya maktaba kubwa ya chuo kikuu, ndiko pa kuanzia. Hata wasipoifanya kazi wenyewe huwa wanawajua wanaofanya. Uliza mambo mawili kabla ya kukabidhi chochote: atatumia nini, na je, kinaweza kutolewa baadaye. Asiyependa kuulizwa hivyo, chukua boksi lako uondoke.

Ile ya kwanza sasa, yenye selotepu mbili. Gundi ya selotepu za kawaida hupitia hatua tatu. Mwanzoni inakaa juu ya karatasi. Baadaye inakuwa laini na yenye mafuta na kuzama ndani ya nyuzi, na hapo ndipo doa linapoanza kuonekana hata upande wa pili. Mwishowe inakauka na kuwa ngumu, ya kahawia, na plastiki ya juu inadondoka yenyewe kama gamba. Kwa umri uliousema, naamini yako imefika mwishoni au inakaribia. Plastiki ikiwa imeshaachia yenyewe, iache idondoke. Kama bado imeshika upande mmoja, usiivute, kwa sababu itaondoka na ngozi ya juu ya karatasi, na juu ya ngozi hiyo ndipo mchoro ulipo. Usiipashe moto kwa pasi wala kwa kikaushio cha nywele, na usijaribu mafuta ya taa wala kiondoa rangi ya kucha. Doa lenyewe mhifadhi anaweza kulipunguza kwa viyeyushio vyake, akiwa na kifaa cha kuvuta mvuke, ila aghalabu haliondoki lote.

Kati ya zote ulizonazo, hiyo moja ndiyo ningeilipia. Zilizobaki zitaridhika na boksi, karatasi na penseli. Ukifika kwa mhifadhi, mwambie mapema kama unataka madoa mawili yapunguzwe kadiri inavyowezekana au ungependa yabaki yakionekana kidogo, maana watu wengi hugundua siku ya kuichukua kazi kwamba walikuwa wamezizoea zile selotepu.